Nilidhani nimepona, kumbe figo ilikuwa inakufa

Nina kovu linaloanzia mgongoni upande wa kushoto, linapita chini ya mbavu linakuja mpaka mbele karibu na kitovu. Nikiinama kuokota kitambaa blauzi inapanda na linaonekana, na wateja wangu hapa Tandika wakiliona wanauliza, na nikiwaambia nimetolewa figo swali la kwanza karibu wote ni hilohilo moja, "uliiuza?" La pili ni "sasa unaenda kusafisha damu mara ngapi kwa wiki?" Sikuiuza na sijawahi kusafisha damu hata siku moja. Ila nimegundua nikijibu hivyo juujuu mtu anaondoka na wasiwasi wake uleule, ndo maana nimeamua nikae niandike yote kuanzia mwanzo, tena mwanzo wenyewe si hospitali.

Mi ni fundi cherehani. Fremu yetu ni ya bati, tunakaa mafundi watatu, cherehani tatu, feni moja, na kuanzia Desemba mpaka Machi humo ndani ni joto la kuoka mkate. Choo kipo, cha kulipia, shilingi mia mbili kila ukiingia, maji ya ndoo, na ukitoka kwetu mpaka ukifike umeshapishana na mikokoteni na mafungu ya nyanya na watu watatu wanaokuuliza nguo zao. Sasa piga hesabu mwenyewe, mwanamke kakaa kwenye mashine toka saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, shule zinafungua Jumatatu na ana sketi kumi na tano hazijapigwa hata pindo, akinywa maji lita mbili ataenda choo mara ngapi, atalipa shingapi, ataiacha kazi na nani. Tulichokuwa tunafanya wote pale ni kutokunywa maji. Asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage na glasi moja, basi mpaka usiku. Mkojo wangu ulikuwa rangi ya chai ya rangi nikaona ndo kawaida ya mtu wa Dar. Na nikibanwa nabana, ngoja kwanza nimalize mkono huu, ngoja nimalize kola.

Dokta wangu baadaye aliniambia huwezi kunyoosha kidole kwenye sababu moja tu, na namwelewa. Lakini nikiulizwa mimi nasema lilianzia kwenye kile kiti.

Mara ya kwanza kuambiwa nina UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ilikuwa 2018. Nikapewa vidonge vya siku saba, nikapata nafuu, miezi miwili mbele ikarudi. Nikapewa sindano tano, ikaisha, ikarudi. Ikawa ndo maisha. Mnajua hapa mjini kuna hili neno "UTI sugu", kila mtu analo, dada wa saluni analo, mwalimu analo, konda analo, limezoeleka mpaka halitishi tena, ni kama mafua. Nilienda zahanati tofauti kama nne hivi, kila sehemu nakojoa kwenye kikopo, wanachovya kile kijiti, kinabadilika rangi, naandikiwa dawa. Ndani ya miaka minne hakuna aliyeniambia mkojo wako uoteshwe tujue ni mdudu gani na dawa gani inamuua, wala hakuna aliyesema hebu lala hapa tupige altrasaundi tuone figo. Mi sisemi waliniua, wengine foleni ilikuwa mpaka barabarani, mtu ana dakika tatu za kukusikiliza. Lakini miaka minne jamani.

Na mimi mwenyewe pia nikafika mahali sipimi tena, nashuka duka la dawa naomba sipro kama naomba sabuni. Mgongo ukiuma, na ulikuwa unauma kweli, nyuma chini ya mbavu za kushoto, nameza diklofenaki mbili naendelea na kazi. Hiyo diklofenaki ntairudia huko chini.

Kuna usiku mmoja 2020 uliniuma mpaka nikatapika. Haukuwa ule wa kuuma tu, ulikuwa unakuja kwa mawimbi, unapanda, unapanda, nashindwa kulala, nashindwa kukaa, natembea ndani ya chumba nimeshika ukuta, afu unashuka, afu unaanza tena, unateremka mpaka kwenye kinena. Asubuhi ukaisha. Wiki hiyohiyo mteja akaniletea unga fulani wa mizizi, akasema unayeyusha kila kitu kilichoko tumboni, nikawa nachanganya kwenye uji. Mwaka 2021 ulipofika katikati maumivu yakawa yanapungua, yakapungua, yakaisha kabisa. Yaani kabisa. Nikasema Alhamdulillah, dawa imefanya kazi, nikawa nausifia ule unga kwa kila mtu na nikawanunulia wenzangu wawili. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata kovu.

Kwa sababu kumbe ndo kipindi hicho figo ilikuwa inakufa.

Nilivyoelezwa ni hivi. Figo inauma pale mkojo unapozuiwa kutoka huku yenyewe bado inaendelea kutengeneza mkojo, inajaa, inavimba, ngozi yake ya juu inavutika, na ule mrija unaoshuka kwenye kibofu unajikaza kusukuma kitu kisichosukumika. Hayo mawimbi ndo hayo. Sasa ikikaa imezibwa muda mrefu nyama yake inaanza kusinyaa, inachuja kidogo, afu kidogo zaidi, mwisho haina cha kusukuma. Hamna presha mpya, hamna maumivu. Ukimya ule niliousherehekea ulikuwa ni ukimya wa mashine iliyozimika. Na figo ya pili huwezi kujua imebeba mzigo wa wawili, maana haipigi kelele, unakojoa vizuri tu, unatembea, unashona.

Machi 2022, siku chache kabla ya Ramadhani, nikashikwa na homa nikiwa kazini. Nilitetemeka mpaka sindano ikanichoma kidole. Wenzangu wakasema malaria, tukapima, hamna. Usiku nikawa naongea maneno yasiyoeleweka, baba watoto akaita bajaji. Hospitali tuliyofika presha ilikuwa imeshuka, wakaniwekea dripu na dawa za mshipa, asubuhi ndo nikapelekwa altrasaundi. Yule kijana wa mashine alikuwa anapiga stori na nesi wakati anaanza, alipofika kushoto akanyamaza. Akarudia. Akabadilisha upande akaangalia kulia muda mrefu, akarudi tena kushoto. Afu akaniuliza kwa upole, "mama, umekuja na nani?" Mtu akikuuliza hivyo unajua.

Siti skani ikaonyesha vizuri. Kulikuwa na jiwe, na usifikirie kokoto, jiwe lilikuwa limejaza vyumba vyote vya ndani ya figo, limechipua matawi kufuata umbo la figo yenyewe, kama tangawizi mbichi. Dokta alisema wao wanalifananisha na pembe lenye matawi la kulungu wa Ulaya, mi nikaona tangawizi na hiyo ndo picha nimebaki nayo. Nyuma ya jiwe usaha. Nyama ya figo iliyobaki ilikuwa nyembamba kama ganda la chungwa.

Hapo ndo nikaelewa ule usugu ulikuwa nini. Kuna wadudu fulani wa mkojo wana uwezo wa kuvunja yurea na kutengeneza amonia, mkojo unapoteza ukali wake wa asidi, na mkojo ukiwa hivyo madini kama magnesi na fosfeti yanagandana yanakuwa jiwe. Jiwe likishakuwepo wadudu wanajificha humohumo ndani yake. Unakunywa dawa, inawaua waliopo kwenye mkojo, unapata nafuu, lakini waliomo ndani ya jiwe dawa haiwafikii, wiki chache wanatoka wanaanza upya na jiwe linaongezeka. Kwa hiyo kila "dozi" niliyomaliza nikafurahi, jiwe lilikuwepo palepale likiningoja.

Hawakunipasua siku ile. Huwezi kufungua mtu mwenye usaha na presha ya chini vile. Walinichoma ganzi ya sehemu tu mgongoni, wakawa wanaangalia kwenye altrasaundi, wakapitisha mpira mwembamba mpaka ndani ya figo, na kilichotoka nilikisikia harufu kabla sijakiona. Karibu nusu lita. Homa ikashuka kesho yake. Nikarudi nyumbani na mpira na mfuko wake, nikiambiwa kila baada ya saa ishirini na nne tupime kinachoingia kwenye mfuko tuandike.

Ramadhani nzima nilikaa hivyo. Baba watoto alinunua jagi lenye mistari na daftari la mtoto la kurasa arobaini na nane, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anamwaga, anapima, anaandika. Mtu mzima anatoa mkojo kama lita moja na nusu kwa siku, kwa hiyo figo moja ingetakiwa itoe nusu ya hiyo. Siku ya kwanza milimita tisini, hivyo ndo alivyoandika, milimita, na sikumrekebisha kwamba ni mililita. Siku ya pili sabini. Themanini. Sitini na tano. Yaani kikombe cha kahawa, na bado kilikuwa na ukungu mweupe. Huku chini nakojoa kama kawaida, hiyo ni kazi ya figo ya kulia. Dokta alikuwa anataka kuona kama ikishatolewa usaha na kupumzika itafufuka. Mimi nilijua kabla yake, kila nikifungua lile daftari nilikuwa nasoma cheti.

Wakanifanyia na kipimo kingine, unachomwa dawa yenye mionzi kidogo kwenye mshipa, unalala chini ya kamera inahesabu kila figo inachukua kiasi gani. Kulia asilimia tisini na tatu, kushoto saba.

Nilimuuliza dokta swali ambalo nadhani kila mtu angeuliza, si mtoe jiwe tu figo muiache? Akanijibu bila kuzunguka. Akasema mawe kama haya tunayatoa sana, tunatoboa tundu dogo mgongoni tunaingiza kamera tunalivunja vipande tunavuta, figo inabaki, kama figo bado inafanya kazi. Hii yako ukiiacha haikusaidii kitu, itakuwa chungu cha usaha, na siku usaha ukiingia tena kwenye damu tunaweza tusikuwahi. Afu akanyamaza kidogo akasema, "ungekuja miaka miwili mitatu nyuma tungeongea mengine." Hakusema kwa kunilaumu. Nililia nikiwa kwenye bajaji mpaka Mtoni.

Zile wiki za kusubiri sikuwa na usingizi, nikawa nasoma kwenye simu. Nikakutana na habari ya mwanamke mmoja wa Ujerumani, Margaretha Kleb. Alifanyiwa upasuaji wa tumboni, mrija wa figo ukaharibika, mkojo ukawa unavuja muda wote, wakajaribu kuurekebisha ikashindikana. Daktari wake aliitwa Gustav Simon, wa Heidelberg. Wakati huo hakuna aliyekuwa na uhakika kama binadamu ataishi ukimtoa figo moja. Simon akajaribu kwanza kwa mbwa, akaona wanaishi, na tarehe 2 Agosti 1869 akamtoa yule mama figo. Akapona. Hiyo inahesabiwa ndo ya kwanza duniani iliyopangwa na ikafanikiwa. Mi nilikuwa namuwaza yule mama kuliko daktari, hakuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza "na wewe ilikuwaje?" Nilikuwa namuwaza saa nane za usiku nikiwa nimelala upande wa kulia maana kushoto kuna mpira, na sijui niseme vipi, lakini alinipa nguvu.

Sasa ndugu. Ndugu zangu nawapenda, na walinisimamia, lakini neno figo likitajwa kwenye ukoo mambo yanabadilika. Mama mkubwa alipiga simu kutoka Tanga akasema wasikutoe figo bila mtu wetu kuwepo, figo ni mamilioni hiyo, wataiuza. Alikuwa na hofu ya kweli kabisa, simcheki, hizi habari za watu kuibiwa figo zinazunguka kwenye simu kila siku. Nikamweleza taratibu, mama, figo ya kumpandikizia mtu lazima iwe hai na nzima, na kundi la damu liendane na vipimo vingine viendane, na ikishatolewa inatunzwa kwenye baridi maalumu kwa saa za kuhesabika tu, si kitu cha kuweka kwenye friji ya bucha. Hii yangu ni jiwe na usaha. Muhimbili walianza kupandikiza figo hapa nchini Novemba 2017, wakisaidiana na madaktari kutoka India, na figo zile zinatoka kwa ndugu aliyekaa akapimwa akakubali mwenyewe. Akasema sawa, lakini mtu wetu awepo.

Akawepo. Na damu pia ilitafutwa, tuliambiwa tuwe na chupa mbili za akiba maana figo inapitiwa na damu nyingi mno, karibu lita nzima kila dakika kwa figo zote mbili, na ikiwa imeshikamana na vitu vya jirani kwa sababu ya usaha wa miaka, lolote linaweza kutokea. Wale mafundi wenzangu wawili walienda kutoa, wote wawili, wakafunga fremu siku nzima kipindi cha oda za Idd. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, wakamkataa kwa presha, akakaa nje amenuna kama mtoto.

Nilipasuliwa baada ya Idd. Dokta alishaniambia kuna upasuaji wa matundu madogo, wanaingiza kamera na vifaa vyembamba, wa kwanza kutoa figo kwa njia hiyo alikuwa Ralph Clayman huko St. Louis Marekani mwaka 1990, na mgonjwa anarudi nyumbani mapema na maumivu kidogo. Lakini kwangu kila kitu kilikuwa kimegandana, wakaona salama zaidi ni kufungua. Wananilaza kwa ubavu, kitanda kinakunjwa katikati ili nafasi kati ya mbavu na nyonga ipanuke. Namkumbuka yule wa nusu kaputi akiniambia nihesabu, sikumbuki namba.

Walichofanya ndani nilikuja kuelezwa. Kinachowahangaisha si figo yenyewe, ni mishipa yake, mmoja mkubwa unaleta damu na mmoja unairudisha, wanaitafuta, wanaifunga imara kabisa, wanakata, ndipo wanafunga na ule mrija wa mkojo, ndipo figo inatoka. Ilichukua muda wa saa tatu na nusu. Kwa mtu ambaye figo haijagandana ni haraka zaidi.

Baba watoto aliitwa mlangoni akaonyeshwa. Ipo kwenye beseni la chuma. Anasema haikufanana na figo yoyote aliyowahi kuiona buchani, ilikuwa kama mfuko uliojaa, rangi ya majivu, dokta akaipasua mbele yake jiwe likatoka. Wakakata kipande wakakiweka kwenye kopo lenye dawa kwenda maabara, kuangalia kama hamna saratani, maana jiwe na usaha vikikaa muda mrefu inaweza kujificha humo. Majibu yalichukua wiki tatu, hamna. Mama mkubwa akapigiwa simu palepale mlangoni, "nimeiona mama, imeoza." Nasikia alilia.

Wodini ndo nilikojifunza kwamba upasuaji uleule unaweza kuwa na maana tofauti kwa kila kitanda. Kulia kwangu kulikuwa na mama wa makamo, yeye alikojoa damu mara moja tu, bila maumivu yoyote, na akawahi hospitali siku ileile. Saratani. Walimtoa figo pamoja na mafuta yanayoizunguka. Alitamani kama ingekuwa ndogo, kwa sababu uvimbe ukiwa chini ya sentimita nne mara nyingi wanakata sehemu yenye uvimbe tu wanaiacha figo, wake ulikuwa saba na kidogo na umekaa vibaya. Yule mama alinifundisha kuliko vipeperushi vyote, mara moja tu, akawahi. Na wodi ya wanaume kulikuwa na kijana wa boda aliyegongwa Mbagala figo ikachanika, kila mtu alijua ataondolewa, lakini madaktari walimlaza tu kitandani, wakawa wanaangalia damu yake na mkojo wake, siku baada ya siku mkojo ukawa msafi, akaondoka na figo zake mbili. Kumbe figo nyingi zilizoumia kwa ajali zinajifunga zenyewe mtu akitulizwa.

Maumivu sitadanganya. Siku mbili za kwanza kukohoa ni msiba. Nesi mmoja, dada mdogo kabisa, alinikunjia khanga mbili zikawa kama mto akaniambia kumbatia hii ubavuni uibane kabisa ndo ukohoe, na ukohoe kweli, usipopumua vizuri utapata nimonia. Siku ya pili ananiinua, mama simama. Nikamwambia siwezi, akasema najua, simama. Nikatembea mpaka dirishani nikaona mkungu na kunguru, nikarudi. Kila asubuhi swali ni umejamba? Usipojamba huli, na nilipojamba siku ya tatu uji ule wa mchele sitausahau. Mpira wa mkojo ukatoka, mpira wa kunyonya damu ubavuni ukatoka siku ya nne, nyumbani siku ya sita. Bajaji kutoka hospitali ilikuwa mbaya kuliko upasuaji, kila shimo la barabara niliingia nalo mkataba.

Nyumbani kazi ngumu ilikuwa ni kutofanya kazi. Wiki sita usinyanyue kitu kizito. Kwetu maji tunachota, ndoo ya lita ishirini ndo kipimo cha mwanamke, na wiki ya tatu nilijisikia vizuri nikainyanyua moja nusu tu, nikasikia kama kitu kinachanika, nikaogopa sana. Hakikuchanika, lakini wifi yangu alihamia kwangu kesho yake akakaa mpaka mwezi wa saba, Mungu ambariki. Kwenye cherehani nilirudi baada ya wiki tisa. Mpaka leo kuna sehemu pembeni ya kovu haina hisia, ukiigusa ni kama unagusa nguo, na upande ule umetokeza kidogo. Waliniambia mishipa ya fahamu ya pale ikikatwa inaweza isirudi. Nimeizoea, nguo zangu najikatia mwenyewe.

Tuje kwenye lile swali la kusafisha damu. Mtu anasafishwa damu pale figo zote mbili zikishindwa. Mwenye moja nzima hahitaji. Iliyobaki inaongezeka ukubwa, inachukua kazi ya mwenzake, si yote lakini sehemu kubwa, watu wanaotoa figo kuwapa ndugu zao wanabaki na kama asilimia sabini ya uwezo waliokuwa nao mwanzo na wanaishi, wanazaa, wanalima. Kreatinini yangu, ile taka ya kwenye damu ambayo figo inatakiwa kuichuja, kabla ilikuwa 88, baada ya upasuaji ikapanda 124, nikashtuka, miezi sita mbele ikawa 102 na hapo imekaa. Kila mwaka napima kreatinini, mkojo kuangalia protini, na presha, presha kila mwezi kwa sababu presha ndo inayoila figo kimyakimya. Nilikuja kuoteshwa mkojo pia, mara mbili, safi. UTI sugu haijarudi tokea jiwe litoke.

Na diklofenaki nimeacha, pamoja na ibuprofeni na jamii yake yote. Hizi dawa zinabana damu inayoingia kwenye figo, mtu mwenye mbili anaweza asione kitu kwa muda, mimi sina ya kuchezea. Nikiumwa kichwa nameza panado, na kila nikiandikiwa dawa mahali popote, au nikitakiwa kupiga siti skani ya kuchomwa dawa, neno la kwanza kutoka mdomoni ni "nina figo moja." Unga wa mizizi pia basi, sijui kilichomo, na asiyejua kilichomo asinipe. Ramadhani ya 2023 dokta aliniambia nisifunge bado, nikalipa fidia, na nilijisikia vibaya kula mchana watu wakiwa wamefunga, mwaka uliofuata vipimo vilikuwa vimetulia akaniruhusu, nikawa nakunywa maji usiku kwa mpango, glasi baada ya glasi mpaka daku.

Maji sasa. Chupa ya lita moja na nusu iko juu ya meza ya kukatia, inaisha, najaza tena. Choo cha kulipia nimeongea na yule kaka wa mlangoni, namlipa elfu kumi kwa mwezi, mimi na wenzangu wawili tunaingia tunavyotaka. Ilituchukua dakika tano kukubaliana. Dakika tano, na miaka yote ile hakuna aliyewaza.

Jiwe ninalo. Limekauka, limekuwa jepesi, rangi ya mchanga wa Kigamboni, kuna tawi moja limevunjika. Nimeliweka kwenye kopo la vifungo hapohapo dukani, na juzi alikuja binti wa miaka kama ishirini na tatu kupima gauni la sendoff. Namzungushia futi kiunoni akaruka. Nikamuuliza vipi, akasema kawaida tu dada, mgongo, nina UTI sugu. Nikamuuliza upande gani, akashika nyuma chini ya mbavu za kulia. Nikamuuliza tangu lini, akasema kama miaka miwili, ila siku hizi haumi sana, umepungua.

Nikaacha futi. Nikamtolea lile kopo nikamwaga vifungo nikamwekea jiwe mkononi. Altrasaundi ni Jumatano asubuhi, ameomba nimsindikize, gauni litasubiri.